Mada ya 9: Kukesha katika Mafundisho ya Yesu na Mitume

Soma kwanza: Mathayo 24:45–25:13, Marko 13:32–37, Marko 14:26–42, 1 Wathesalonike 5:1–11.

Fungua Mathayo 25, usome aya kumi na tatu za mwanzo, kisha ufunge Biblia na kujibu swali hili: kati ya wale wanawali kumi, ni wangapi waliolala?

Watahiniwa wengi hujibu "watano", na huandika hivyo hivyo katika insha: wenye busara walikesha, wapumbavu walilala. Mathayo hasemi hivyo. Aya ya 5 inaonyesha kwamba usingizi uliwashika wote kumi, na hakuna anayelaumiwa kwa kulala. Hata hivyo, katika aya ya 13 Yesu anaumaliza mfano kwa kuwaagiza wanafunzi wake wakeshe. Anawezaje kuagiza kukesha kwa kutumia mfano ambao hata mashujaa wake walilala? Ukiweza kulijibu swali hilo, maswali mengi yanayotungwa kuhusu mada hii hayatakusumbua.

Maana ya neno

Kwa Kiswahili, kukesha ni kupitisha usiku bila kulala. Tunakesha msibani, tunakesha na mgonjwa, tunakesha kanisani usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Kitenzi cha Kigiriki kinachotumika zaidi katika Agano Jipya ni gregoreo, yaani kuwa macho. Jina Gregori limetoka hapo, kwa hiyo kama darasani kwenu yupo Gregori, neno hili halitakupotea. Wakati mwingine waandishi wanalitumia kwa usingizi wa kweli wa mwili, na wakati mwingine kwa utayari wa mtu anayeendelea na wajibu wake. Kila unapokutana nalo, jiulize linatumika kwa maana ipi.

Mlinzi wa mlangoni (Marko 13:32–37)

Mtu anasafiri, anaiacha nyumba mikononi mwa watumwa wake, kila mmoja na kazi yake. Mlinzi wa mlango anaagizwa kukesha. Angalia vizuri: watumwa wote hawakuitwa kwenda kukaa mlangoni kumsubiri bwana. Kila mmoja anabaki kwenye kazi aliyopewa, na kuwa macho ndiyo kazi ya mlinzi. Katika aya ya mwisho agizo hilo linapanuliwa liwahusu wote.

Yesu anataja nyakati nne ambazo bwana anaweza kurudi: jioni, usiku wa manane, jogoo anapowika, na asubuhi. Hizi ni zamu nne za usiku kwa hesabu ya Warumi. Sasa endelea na sura zinazofuata. Jioni, Yesu anakula na wale Kumi na Wawili na kusema kwamba mmoja wao atamsaliti (14:17–18). Usiku, ingawa Marko hataji saa, wanafunzi wanalala Gethsemane. Jogoo anawika, na Petro amekwisha kumkana mara tatu (14:72). Asubuhi, Yesu anafungwa na kupelekwa kwa Pilato (15:1). Zamu zote nne zinapita, na hakuna hata moja ambayo wanafunzi wanakutwa tayari. Hoja hii ni nzuri sana kwa swali linalokutaka uoneshe uhusiano kati ya mafundisho ya Yesu na mateso yake.

Gethsemane (Marko 14:32–42)

Hapa usingizi ni wa mwili kabisa. Yesu anawachukua Petro, Yakobo na Yohana, anawaambia wabaki macho, anakwenda mbele kidogo kuomba. Anarudi mara tatu na kuwakuta wamelala mara zote tatu.

Usiishie hapo, maana kila mtahiniwa anaandika hivyo. Jiulize kwa nini ni hawa watatu. Yakobo na Yohana ndio walioomba kukaa kulia na kushoto kwa Yesu katika utukufu wake, na walipoulizwa kama wataweza kukinywea kikombe chake, walijibu kwamba wataweza (10:35–40). Petro naye, muda mfupi kabla ya kufika bustanini, alisema kwamba hata wengine wote wakikwazwa, yeye hatakwazwa (14:29). Waliojiamini zaidi ndio walioshindwa kubaki macho saa moja. Tena Yesu anapomwamsha Petro anamwita Simoni, jina lake la zamani, kana kwamba ule mwamba haupo kwa sasa.

Tena, kukesha kumeunganishwa na kuomba, kwa sababu nia ya mtu inaweza kuwa nzuri na mwili wake ukawa dhaifu. Yesu hawatuhumu kwamba hawampendi. Anaonesha kwamba upendo peke yake, bila sala, haukuwabeba usiku ule.

Ukipata swali la kulinganisha Injili, kumbuka kwamba Luka anaeleza kuwa walilala kwa sababu ya huzuni (22:45), na hawatengi wale watatu na wengine. Yohana hasimulii usingizi huo kabisa.

Makosa mawili yanayopingana (Mathayo 24:45–25:13)

Turudi kwa wanawali, lakini tuanze na mfano unaowatangulia. Mtumwa mbaya anajiambia kwamba bwana wake atachelewa, hivyo anaanza kuwapiga wenzake na kula na kunywa pamoja na walevi. Bwana anarudi mapema kuliko alivyotarajia.

Wanawali wapumbavu wanakosea kinyume chake. Wao hawakudhani bwana arusi atachelewa hata kidogo. Walikuja na taa zinazowaka, bila akiba ya mafuta, wakitegemea kwamba atafika muda si mrefu. Akachelewa.

Mathayo ameiweka mifano hii miwili bega kwa bega. Mmoja ameharibikiwa kwa kufikiri muda bado upo, wengine kwa kufikiri muda ni mfupi. Kukesha, basi, ni kuwa tayari kwa yote mawili: bwana akija sasa hivi, na bwana akikawia kuliko uvumilivu wako. Wenye busara waliweza kulala kwa sababu walichopaswa kufanya walikuwa wamekwisha kukifanya.

Wanafunzi huuliza kama wale watano hawakuwa wachoyo kwa kukataa kugawa mafuta. Jibu lipo katika mfano wenyewe: walihofia kwamba yasingetosha kwa wote. Zaidi ya hapo, utayari wa mtu hauhamishwi kwenda kwa mwenzake mlangoni, saa ya mwisho.

Thesalonike

Paulo alilianzisha kanisa hili katika safari yake ya pili ya kimisionari, akalazimika kuondoka kwa sababu ya ghasia (Matendo 17:1–10). Waumini wakabaki na maswali kuhusu kurudi kwa Bwana. Katika 1 Wathesalonike 5 anawataka wawe macho na wenye kiasi, wakivaa imani, upendo na tumaini kama askari anavyovaa silaha. Katika barua ya pili, sura ya 3, anawakemea waliokuwa wameacha kazi na kuishi kwa jasho la wenzao, na kuwaelekeza wafanye kazi kwa utulivu. Mtu anayeacha shamba lake ili amngojee Bwana hajakesha, kwa kipimo cha Paulo.

Tahadhari unapojibu swali la matumizi

Usifananishe siku ya Bwana na mtihani wa taifa bila kueleza tofauti. Mtihani wako una ratiba iliyobandikwa ukutani. Siku hii haina. Kilicho sawa ni mafuta: anayeanza kusoma mlangoni mwa chumba cha mtihani hawezi kuazima.

Usirundike pia orodha ya "kusali, kufunga, kwenda kanisani" bila kuiunganisha na andiko. Chukua hoja moja, kwa mfano ya mtumwa anayewapa wenzake chakula kwa wakati wake (Mathayo 24:45), uioneshe katika maisha: kiranja anayesimamia zamu hata mwalimu wa zamu akiwa hayupo, mweka hazina wa kwaya ambaye daftari lake linaweza kukaguliwa siku yoyote.

Maswali ya kujipima

1. "Wanawali wapumbavu walikosea kwa sababu walilala." Jadili kauli hii ukitumia Mathayo 25:1–13.

2. Eleza jinsi matukio ya Marko 14:17–15:1 yanavyohusiana na onyo la Marko 13:35.

3. Linganisha kosa la mtumwa mbaya na kosa la wanawali wapumbavu.

4. Kwa nini Paulo aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi, wakati yeye mwenyewe aliwafundisha kuingoja siku ya Bwana?