Mchoro Kwanza, Simu Baadaye

Wenzangu wa ualimu, wengi wetu tunakaribia kwenda fildi, na kuna watakaotaka kufundisha mambo ya kidijiti wakati bando lenyewe la kuungaunga. Jaribuni mchoro wenye msimbo wa QR, ule ule watoto wanaouona kwenye vibandiko vya kulipia kwa simu madukani.

Watu wanadhani msimbo huo lazima ufungue intaneti. Wala! Ulibuniwa Japani mwaka 1994, na unaweza kubeba maandishi ndani yake wenyewe. Ule mdogo kabisa una miraba 21 kwa 21, yaani 441, kwa hiyo daftari la hesabu la miraba linatosha. Darasa la tano nililofundisha, nilitengeneza misimbo kwa programu ya bure, watoto wakainakili kwa kalamu nyeusi, mstari kwa mstari.

Ila anza na mchoro. Mtoto akichora mto, halafu msimbo useme MTO, simu imeongeza nini? Muulize: unataka mtazamaji ajue nini ambacho jicho halioni? Kikundi kimoja kilichora akina mama wakichota maji, mto umetulia kabisa. Ukielekeza simu, inatokea: MAMBA YUPO CHINI. Darasa zima likapiga kelele. Ni herufi 14 na nafasi mbili tu, lakini picha si ile tena.

Kiufundi, acheni ukingo mweupe wa miraba minne kuzunguka msimbo. Ile miraba mikubwa mitatu ya kwenye kona isirembwe, maana ndiyo kamera inayoitafuta. Rangi iwe nyeusi au bluu iliyokolea, njano, sahau. Kwenye programu chagueni kiwango cha kujirekebisha cha asilimia 25, ili miraba michache iliyokosewa isiharibu kazi ya mtoto.

Ukitaka sauti ya mtoto akisimulia, hapo rekodi itakaa mtandaoni na msimbo utabeba anwani yake. Tusichukulie poa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mzazi aridhie kwa maandishi, siyo ile ya "kamwambie mama".

Na ambaye kwao hakuna simu janja? Darasani tulizungusha simu moja, yangu, kwa zamu. Nyumbani mtoto anaenda na mchoro wake, na ni yeye mwenyewe atakayemwambia bibi kilichomo majini.