Mchanga Wenye Unyevu na Mfano wa Nchi

Finyanga mchanga mkavu mkononi mwako, kisha fungua vidole. Mchanga wote utamwagika. Sasa unyunyizie maji kidogo, uufinyange tena. Safari hii utapata donge. Ni nguvu gani iliyozishika chembe za mchanga pamoja? Katika somo hili utatafuta jibu, kisha utautumia mchanga huo kutengeneza mfano wa nchi juu ya meza.

Jaribio la 1: Maji kiasi gani yanafaa?

Vitu vinavyohitajika: mchanga laini wa kijitoni, kopo, beseni, kijiko, ubao, kipimapembe na maji.

1. Anika mchanga juani hadi ukauke kabisa. Umimine polepole juu ya ubao, mahali pamoja. Pima mwinamo wa ubavu wa chungu hiyo. Utaona kuwa ni nyuzi 30 hadi 35 hivi. Hata ukiongeza mchanga, ubavu hauwi mkali zaidi, kwani chembe huteleza chini.
2. Tia kopo moja la mchanga katika beseni. Ongeza kijiko kimoja cha maji, uchanganye. Jaza kopo, shindilia, lipindue juu ya ubao, kisha uliondoe. Rudia ukiongeza kijiko kimoja kila mara. Andika ni vijiko vingapi vilivyoufanya mchanga usimame wima.
3. Endelea kuongeza maji mpaka mchanga uwe kama uji. Je, bado unasimama?

Kati ya chembe za mchanga wenye unyevu kuna maji kidogo na hewa. Maji hayo hushika chembe moja na jirani yake kama daraja dogo. Uso wa maji hujivuta kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, nao huzivuta chembe zikaribiane. Mchanga ukikauka, madaraja hayo hutoweka. Maji yakizidi, hujaza nafasi zote za hewa. Hakuna tena uso wa maji wa kuzivuta chembe, na mchanga huporomoka.

Siku hizi viwanda hutengeneza mchanga wa kuchezea uliochanganywa na mafuta ya silikoni. Mafuta hayo hayakauki kama maji, kwa hiyo mchanga huo huumbika bila kunyunyiziwa. Kwa kazi yetu, mchanga wa kijitoni na maji vinatosha.

Jaribio la 2: Kilima huficha nini?

Kitandililo, karibu na Makambako katika Mkoa wa Njombe, kuna vilima na mabonde. Mtu aliye bondeni hawezi kuona yaliyo nyuma ya kilima. Thibitisheni jambo hilo kwa mchezo.

1. Chukueni sanduku pana lisilo na kifuniko, lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 60. Tandikeni karatasi ya nailoni ndani yake. Sentimita 1 iwe badala ya meta 10.
2. Umbeni kwa mchanga wenye unyevu kilima cha sentimita 8, yaani meta 80, na bonde kando yake. Chimbieni majani madogo yawe vichaka. Nyunyizeni majivu yawe njia inayopita bondeni.
3. Kundi la kwanza liweke punje 10 za mahindi mwanzoni mwa njia. Kundi la pili lifiche maharage 10 nyuma ya kilima.
4. Mahindi yasogee sentimita 10 kila zamu. Baada ya kila zamu, nyosheni uzi kutoka hindi la mbele hadi kila haragwe. Uzi ukizuiwa na mchanga, hawaonani, kwa sababu nuru husafiri katika mstari mnyoofu.
5. Andikeni zamu ambayo haragwe la kwanza lilionekana. Punguzeni kilima kifike sentimita 4, kisha rudieni.

Michezo ya namna hii ni ya zamani. Georg Leopold von Reisswitz, wa dola la Prusia huko Ulaya, aliumba nchi kwa mchanga wenye unyevu ili kufundisha mambo ya vita. Meza aliyompelekea mfalme mwaka 1812 ilikuwa na vigae vya plasta badala ya mchanga.

Hapa kwetu, tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, wapiganaji wa Mkwawa walijificha kando ya njia. Jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski halikuwaona mpaka walipokuwa karibu. Zelewski na askari wake wengi waliuawa, na Wahehe wengi pia walikufa. Silaha za moto hazikulisaidia jeshi lililoshindwa kuona.

Tahadhari

Ukuta wa shimo la mchanga husimama kwa unyevu tu. Jua likiukausha, au mvua ikiulowesha mno, huanguka ghafula na kumfukia mtu. Usichimbe wala usicheze chini ya ukuta huo.

Maswali

1. Kwa nini mchanga mkavu hausimami wima?
2. Kwa nini maji mengi mno huubomoa mchanga?
3. Kilima kilipopunguzwa, maharage yalionekana mapema au baadaye? Eleza sababu.
4. Jana ukuta wa shimo la mchanga ulikuwa imara. Je, leo ni salama kuingia? Toa sababu mbili.