Chuo cha Jirani, Kinamfaa Mwanao?

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakishatoka, Kariakoo nzima hugeuka mshauri. Jirani anasema mpeleke Mlimani. Shemeji anasema IFM ndiko kwenye ajira. Mwenye duka la pili anataja Kigamboni kwa kuwa binti yake yuko huko. Wote wanataja majina ya vyuo, na mtoto mwenyewe hajaulizwa kitu. Mzazi wa Kariakoo, Gerezani au Kisutu anayepima vyuo vya karibu na nyumbani aanzie kwa mtoto, jina la chuo lije baadaye.

Vyuo vya karibu si haba. Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo wa miguu kutoka Kivukoni, kuna Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972. Barabara ya Bibi Titi kuna Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, cha mwaka 1965, na jirani yake Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, iliyoanza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi. Barabara ya Sokoine kuna Chuo cha Bahari kwa wenye ndoto za melini. Ukivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni unakikuta Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho wazee bado wanakiita Kivukoni. Hicho kilifunguliwa mwaka 1961 kwa mfano wa chuo cha Ruskin cha Oxford, ili watu waliotoka makazini wasome uchumi, siasa na historia. Baadaye kikawa chuo cha itikadi cha chama, kisha kikarudi kwenye sayansi za jamii, na jina la sasa limetokana na sheria ya mwaka 2005. Anayevidharau vyuo vidogo akumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, nacho kilianza mwaka huohuo wa 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15.

Ila eneo dogo halimaanishi darasa dogo. Kuna vyuo vya katikati ya jiji vyenye majengo machache na maelfu ya wanafunzi, na mtoto aliyepelekwa huko ili mwalimu amjue kwa jina anaweza kujikuta amesimama mlangoni akinakili kilichoandikwa ubaoni. Usiulize chuo kina wanafunzi wangapi. Uliza kozi anayoitaka mwanao ilipokea wangapi mwaka jana, wanagawanywa katika mikondo mingapi, na semina zinaendeshwa na nani. Nenda naye siku ya kazi, muhula ukiwa unaendelea. Kaeni kantini, zungumzeni na wanafunzi wa mwaka wa pili. Hao ndio watakaowaambia kama mwalimu anapatikana ofisini na kama matokeo hutoka kwa wakati.

Mtoto asiyependa kusema mbele za watu, anayehitaji kusukumwa kidogo, mara nyingi hufanya vizuri zaidi penye kundi dogo. Yule anayejituma na asiyeridhika na jibu moja anaweza kuhitaji maktaba kubwa na watu wa fani nyingi, na hapo Mlimani ina faida yake. Hili la tabia naliweka mbele ya hadhi ya chuo, tena mbali sana.

Lipo jambo la kwetu Kariakoo ambalo miongozo ya udahili haiwezi kulitaja. Mtoto anayesoma karibu na nyumbani huitwa dukani. "Njoo ukae mara moja, naenda bandarini," na hiyo mara moja inakula kipindi cha saa nane. Mzigo ukifika kutoka Guangzhou, anakosa siku nzima. Vyuo hivi havipimi kwa mtihani wa mwisho peke yake: majaribio na kazi za darasani zina alama zake, na katika vyuo vingi anayeshindwa kufikisha kiwango cha chini cha alama hizo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Wazazi wengi wanaosema chuo kimemshinda mtoto hawajui ni mara ngapi walimtoa darasani wao wenyewe. Kama unajua hutaweza kujizuia, mpangie hosteli, au mpeleke ng'ambo ya maji. Anayetoka Kariakoo kwenda Kigamboni asubuhi anakwenda kinyume na umati, maana pantoni hujaa kuja mjini, basi safari yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu sifa za kuingia, usikate tamaa mapema. Mwenye ufaulu wa D nne za kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza astashahada katika kozi nyingi, apande stashahada, kisha shahada. Akitaka kuingia shahada kwa njia hiyo, kwa kawaida stashahada yake iwe na GPA isiyopungua 3.0. Wa kidato cha sita hutakiwa principal mbili zenye jumla ya pointi 4. Njia ya kwanza ni ndefu na ina ada zaidi, lakini mtoto hufika shahada akiwa ameshaizoea kazi. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na NACTVET, au TCU kama ni shahada. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi unayoitaka haina ithibati.

Pesa nazo zipigiwe hesabu yote, si ada tu. Omba muundo wa ada kwa maandishi: kuna bima ya afya, kuna michango, na kuna nauli ya mafunzo kwa vitendo ambayo huja wakati mfuko umekauka. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ni wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 umefika kwenye baadhi ya stashahada za kipaumbele. Kwa astashahada usiuweke kwenye mahesabu. Kama ataomba mkopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, kwa kuwa foleni huwa ndefu msimu wa maombi. Malipo ya vyuo vya serikali hupita kwa kontroo namba. Anayekutaka umtumie ada kwenye simu yake ni tapeli hata akiwa amevaa kitambulisho.

Mwisho, simamia maombi wewe na mtoto. Vijana wengi hujaziwa fomu na mtu wa steshenari, ambaye huweka barua pepe anayoijua yeye na namba ya siri anayoijua yeye. Kwa shahada, aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya siku chache, kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo ukienda kwenye simu ya mtu mwingine, au ukithibitisha wewe bila kumuuliza, nafasi aliyoitaka mwanao inapewa mwingine. Simu ya maombi iwe yake, na laini iwe imesajiliwa kwa jina lake.