Sindano Kwanza, Cherehani Baadaye: Niliyojifunza Nikiwafundisha Wanangu Kushona

Watu wakisikia unamfundisha mtoto kushona, swali lao la kwanza ni umenunua cherehani gani. Kwangu mimi cherehani ni ya mwisho kabisa. Nina watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume, na wote nimewafundisha nyumbani kwetu Mbeya, na wakati wa likizo kwa bibi yao, mama yangu, kule Iringa. Fundi hasa ni huyo bibi yao, aliyetusomesha kwa cherehani ya miguu. Mimi najua cha kutosha kuvisha nyumba yangu, basi. Haya ndiyo niliyoyaona.

1. Anza na nguo yake mwenyewe

Mtoto ukimpa kitambaa cha kujifunzia atapiga mistari miwili, atakuuliza kama imetosha, kisha atakwenda kucheza. Mpe shati lake la shule lililokatika kifungo, analolihitaji kesho asubuhi, uone atakavyokaa.

Kifungo chenyewe kina mambo yake. Kikibanwa sana na kitambaa hakiingii kwenye tundu, na mtoto akikivuta kwa nguvu kinang'oka tena. Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, apitishe uzi juu ya njiti kila anapokwenda tundu la pili. Akimaliza, achomoe njiti, akivute kifungo juu, kisha auzungushe uzi shingoni mwa kifungo mara tatu nne kabla ya kufunga fundo upande wa ndani. Binti yangu alipoijua mbinu hiyo, alikagua mashati ya nyumba nzima, hadi ya baba yake.

Baada ya kifungo ni pindo. Huku kwetu mzazi mwenye akili akimshonesha binti sketi ya shule anamwambia fundi aache pindo pana la akiba, kwa sababu mtoto anarefuka na sketi hairefuki. Januari mafundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanazidiwa na sare mpaka ukipeleka kazi ndogo ya kushusha pindo wanakutazama kama umewatukana. Mtoto anayeweza kufumua pindo la zamani, kulinyoosha kwa pasi, kukunja jipya na kulishona kwa mkono, amekuokoa na foleni hiyo. Ile alama ya mkunjo wa zamani haitoki yote. Haidhuru, shuleni nusu ya darasa wanayo.

2. Uzi usizidi mkono wake

Watoto wanapenda uzi mrefu ili wasirudie kutunga sindano. Uzi mrefu unajisokota, unafunga mafundo, na hasira inaanzia hapo. Uzi ulio tayari kwenye sindano uwe na urefu wa mkono wa mtoto, kutoka kwenye kiganja hadi begani. Apime mwenyewe, kwa mkono wake, si kwa wako.

3. Punguza maneno

Hili nililiona kwa macho Iringa mjini, tulipokwenda Neema Crafts, kituo cha Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kinachoajiri watu wenye ulemavu kwa kazi za mikono. Kilianza mwaka 2003 na vijana viziwi. Hata kwenye mkahawa wao wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi. Karakana zao unaruhusiwa kupita ukatazama watu wakifuma na kushona.

Nilimtazama mmoja akimwelekeza mwenzake. Alifanya taratibu, akasimama, akampa kitambaa. Mwenzake akakosea, yule wa kwanza akakichukua, akarudia palepale palipokosewa, akakirudisha. Hakuna aliyesema "si nilikwambia." Nilirudi kwa mama, mtaa wa Kihesa, na wazo moja tu: sisi tunaosikia tunawachosha watoto kwa maelezo. "Shika hapa, hapana, siyo hapo, hapa, hebu lete." Mtoto hana mikono ya kusikiliza na kushona kwa pamoja.

Tangu hapo ninashona hatua moja mbele yake, ninanyamaza, ninampa. Akiuliza, ninajibu. Vikapu vya milulu ambavyo Iringa inasifika navyo vimerithiwa hivyohivyo, binti akikaa karibu na mama au bibi, akiangalia vidole.

4. Mwenye mkono wa kushoto akae mbele yako

Mdogo mtu anatumia kushoto. Bibi yake, kama wazee wengi, alikuwa akimhamishia sindano mkono wa kulia kila anapopita. "Mume wangu, mkono wa kula ndio wa kushonea," anamtania, naye anacheka, na bibi akigeuka sindano inarudi kushoto. Nilimwomba mama amwachie, akakubali kwa shingo upande.

Mtoto wa kulia mkalishe ubavuni mwako, aone mikono yako kama inavyokwenda yake. Wa kushoto mkalishe uso kwa uso. Anachokiona kwako ni kama anajitazama kwenye kioo, na anaiga bila kugeuzageuza kichwani. Mistari yake itatoka kushoto kwenda kulia badala ya kulia kwenda kushoto. Mshono haujui tofauti.

Shida iliyobaki ni mkasi. Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto ubapa unaziba mstari wa chaki, na nguvu ya vidole inatenganisha makali badala ya kuyabana, kitambaa kinakunjika katikati bila kukatika. Wa kushoto sijauona katika maduka ninayonunulia vifaa. Kwa hiyo dada mtu anakata, yeye anapiga bandi. Wameelewana wenyewe.

5. Cherehani, kwa hatua

Kama nyumbani kuna ya umeme na ya miguu, mfundishe kwa ya miguu. Inakwenda kwa mwendo wa miguu yake, na umeme ukikatika kazi haikatiki. Ila asikae mpaka miguu imefika chini vizuri. Anayekanyaga kwa ncha za vidole anayumba na mshono unayumba naye.

Siku za mwanzo toa sindano kabisa. Inua kile kiguu kinachobana kitambaa, akanyage tu. Anachotafuta ni gurudumu la mkono lizunguke kuja kwake, mfululizo, lisirudi nyuma. Likirudi nyuma uzi unajisokota chini na kukatika, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanaamini cherehani ni mbovu. Alianzishe kwa mkono, miguu ipokee.

Likitulia, rudisha sindano, ya zamani, bila uzi. Chana ukurasa wa daftari lenye mistari, ashone juu ya mistari. Matundu yanamwonyesha mwenyewe alipopinda, huhitaji kusema. Akifika ukingoni asimamishe sindano ikiwa imezama kwenye karatasi, ainue kiguu, ageuze karatasi, ashushe kiguu, aendelee. Kona zote atakazoshona maishani, za mto au za kola, ni hiyohiyo. Nasema sindano ya zamani kwa sababu karatasi inaharibu ncha. Sindano hiyo usiirudishe tena kwenye kitambaa.

Uzi unakuja baada ya hapo, pamoja na bobini, na kanuni mbili zisizo na mjadala: vidole visogee pembeni, upana wa vidole viwili kutoka kwenye kiguu, na hakuna kuongea na aliyekaa kwenye cherehani. Kwa kitenge sindano namba 14 inatosha. Khaki na jinzi zinataka 16. Wakishona khaki kwa sindano nyembamba inavunjika, na kipande kinaweza kuruka usoni.

Neno dogo kuhusu baridi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai vidole vya asubuhi havishiki kitu. Shoneni mchana, juani, barazani. Mwanga wenyewe ni bora kuliko wa taa.

6. Kufumua ni sehemu ya somo

Mafundi wetu wanafumua kwa wembe, haraka, bila hata kutazama. Mtoto asipewe wembe. Kwa mkasi mdogo wenye ncha akate mshono mmoja katika kila mishono mitatu au minne upande wa juu, kisha ageuze na kuvuta uzi wa chini. Unatoka mzima na kitambaa hakijeruhiwi.

7. Mvulana naye akae mkekani

Pita Kabwe au Mwanjelwa, pita Mashine Tatu kule Iringa, hesabu mafundi walioko barazani. Wanaume wamejaa. Halafu rudi nyumbani usikie mvulana akiambiwa sindano ni mambo ya wasichana. Yaani kushona kwa hela ni kwa wanaume, kushona kwa bure ni kwa wanawake. Mimi huo mgawanyo siukubali. Kijana anayekwenda shule ya bweni bila kujua kushona kaptula yake hajafundishwa na wazazi wake, na hilo halina kisingizio.

8. Mpe kazi inayohitajika

Binti alipokaribia kuvunja ungo tulishona taulo za kike za kufua. Mkunjo wa ndani taulo kuukuu, juu yake flaneli, nje pamba, mabawa mawili na vifungo vya kubana. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019, na mzazi anayenunua kila mwezi analijua hilo mfukoni. Za kushona zinafuliwa kwa sabuni, zinaanikwa juani mpaka zikauke kabisa, si uvunguni kwa aibu. Tukiwa tunashona tuliongea mambo ambayo mezani tusingeyaongea. Yeye macho yako kwenye sindano, mimi macho kwenye sindano, hakuna anayemtazama mwenzake. Mdogo wake alikuwepo, akakata uzi, akasikia. Vizuri.

Basi likizo ya Juni ikikaribia, usikimbilie dukani. Jioni pita kwa fundi wa mtaani kwako akiwa anafagia, umwombe vipande vya vitambaa, ununue paketi ya sindano na uzi mweupe na mweusi. Mafundi wengi hawakatai. Umewapunguzia takataka.