Shaba Nururifu na Saratani ya Ngozi

Mkulima wa Kilakala apandaye mashamba ya Uluguru akiona doa jeusi wayoni, asidhani kila mara ni alama ya mwiba. Melanoma, saratani ya chembe zitiazo ngozi rangi, kwa Waafrika aghalabu huanzia hapo.

Ikisambaa mwilini, jicho haliioni. Katika majaribio ya panya, uvimbe wake ulifyonza shaba kwa wingi. Shaba-64 hutoa positroni. Hizo zikikutana na elektroni, huzaa miali ya gama ambayo kamera maalumu huinasa. Kila saa 12.7, nusu ya shaba hiyo hugeuka kuwa nikeli au zinki.

Zoezi: Baada ya saa 38.1 hubaki sehemu gani? (Jibu: 1/8.)

Hata hivyo, uchunguzi huanza kwa kutazama nyayo. Doa likikua, mwenye nalo aende hospitali mapema.