Kabla Hujalipa Amana: Somo kwa Anayetafuta Nyumba Nairobi

Kila wiki matatu kutoka Makutano, Nkubu na Maua huteremsha abiria Nairobi. Miongoni mwao huwa kuna kijana anayekwenda kuanza kazi, mwanafunzi anayeripoti chuoni, au mzazi anayemtafutia mtoto wake mahali pa kulala. Wengi huanzia mitaa iliyo kando ya barabara ya Thika, kama vile Githurai, Zimmerman, Roysambu na Kahawa West, kwa sababu ndiyo njia waliyoingilia jijini na ndiko waliko jamaa zao.

Pesa wanazobeba hazikuokotwa. Ni bonasi ya chai ya Oktoba, mauzo ya miraa, mkopo wa chama cha akina mama, au mshahara wa kwanza ambao haujafika. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vyema tuzungumzie makosa yanayowapotezea watu wetu pesa hizo wanapopanga nyumba. Somo lenyewe linamfaa pia anayepanga hapa Makutano, kule Nchiru karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, au kwa jirani zetu mjini Embu.

Mwandishi wa makala haya analijua jambo hili kwa uchungu. Nilipomaliza masomo ya uanahabari nilipata kazi ya mafunzo Nairobi. Nilioneshwa chumba saa mbili usiku na mtu aliyejitambulisha kuwa mpwa wa mwenye nyumba. Maji yalitoka, taa iliwaka, naye akaniambia kuna watu wengine wawili wanakingojea. Nikamlipa shilingi 18,000 taslimu, kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, bila risiti. Jumamosi nilifika na kitanda juu ya pikapu, nikakuta mama anaanika nguo za mtoto kwenye baraza la chumba kile kile. Yeye alikuwa na risiti ya miezi saba. Yule mpwa hakuwa na undugu wowote na mwenye ploti, na simu yake haikupatikana tena. Baba yangu alikuwa ameuza ndama kunipatia zile pesa.

Kutokana na kisa hicho na vingine vingi vinavyosimuliwa na wakazi, haya ndiyo makosa matano ya kuepuka.

Kosa la kwanza: Kulipa kabla ya kuona

Picha nzuri ya nyumba kwenye simu si nyumba. Walaghai huchukua picha za nyumba ya mtu mwingine, huweka kodi ya chini kuliko ya mtaa ule, kisha huomba "ada ya kutazama" au "pesa kidogo ya kushikilia nyumba". Ukishatuma, nyumba hupotea.

Kama uko Meru na huwezi kusafiri, mtume ndugu au rafiki unayemwamini akaione. Kama huna mtu, ni heri ulale kwa jamaa wiki moja kuliko kutuma amana kwa mtu usiyemjua.

Anayekuonesha nyumba kwa niaba ya mwenyewe anapaswa kueleweka ni nani. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na bodi inayowasajili, na kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Uliza jina la kampuni, mahali ofisi ilipo na cheti cha usajili. Kisha bisha hodi kwa wapangaji wawili watatu, uwaulize: Kodi mnalipa kwa nani? Mnalipa kwa akaunti gani? Ikiwa namba uliyopewa wewe siyo wanayolipia wao, simama hapo hapo.

Kosa la pili: Kuhesabu kodi peke yake

Mtu husema, "Nyumba ni shilingi elfu kumi, nitaiweza." Tupige hesabu kwa mfano. Kodi ni 10,000. Amana, au dipoziti kama wengi tunavyoiita, ni 10,000 nyingine. Amana ya maji na stima ni 3,000. Pikapu ya kubeba vitu ni 4,000. Hiyo ni shilingi 27,000 kabla hujanunua mtungi wa gesi wala godoro. Tena ukiingia tarehe 20, uliza mapema kama utalipa siku kumi zilizobaki au mwezi mzima, maana kodi nyingine itadaiwa mwanzoni mwa mwezi unaofuata.

Nauli nayo isisahaulike. Shilingi 80 kwenda na 80 kurudi, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 4,160. Nyumba inayokuokolea 3,000 za kodi lakini inakuongezea nauli hiyo, imekutoa shilingi 1,160 zaidi kila mwezi, pamoja na saa unazokaa kwenye msongamano.

Uliza pia kuhusu ada ya taka, mlinzi na taa za ngazini. Zikiwa nje ya kodi, ziandikwe.

Kosa la tatu: Kuitazama nyumba mara moja, tena haraka

Nenda mara mbili: mara moja mchana na mara moja usiku. Mchana utaona nyufa, unyevu ukutani na mwanga. Usiku utajua kama njia ya kutoka stendi ina taa, na kama baa iliyo chini inafungwa saa ngapi.

Fungua mifereji yote, uvute maji ya choo. Nairobi maji hugawanywa kwa zamu, kwa hivyo usiulize tu "maji yapo?" Uliza yanakuja siku zipi, tangi la ploti lina ukubwa gani, na kama ni ya kisima, yanafaa kunywa au ni ya chumvi. Kuhusu stima, uliza kama una mita yako ya tokeni kutoka Kenya Power au ni mita ndogo ya mwenye nyumba, na katika hali hiyo tokeni zinauzwa kwa bei gani.

Kisha litazame jengo lenyewe na pale liliposimama. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la orofa lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na watu takriban 50 wakafa. Lilikuwa kando ya mto. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliwahamisha wakazi wa bonde la Mto Mathare. Usiku wa Februari 1 mwaka huo huo, mlipuko wa gesi Embakasi uliwafikia watu waliokuwa nyumbani kwao. Kwa hiyo uliza: Mto uko wapi? Jirani wa ploti anafanya biashara gani? Moto ukizuka ngazini, kuna njia nyingine ya kutoka, au madirisha yote yamefungwa kwa vyuma?

Kosa la nne: Kuingia bila maandishi

Hili ndilo kosa lenye hasara kubwa kuliko yote, na hapa tunaomba usome polepole.

Wapangaji wengi huamini kuwa kuna baraza la serikali litakalowatetea wakigombana na mwenye nyumba. Ni kweli Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, na baraza lake la maamuzi. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ya shilingi 8,000 au 15,000 haimo. Kwa mpangaji huyo, ngao ya kwanza ni mkataba alioutia sahihi.

Si kwamba sheria imemwacha mtupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kuwa katika upangaji wa mwezi kwa mwezi, anayetaka kuuvunja, awe mpangaji au mwenye nyumba, atoe ilani isiyopungua mwezi mmoja. Pia inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa amani, na ahakikishe nyumba inafaa kwa binadamu kuishi. Lakini ukienda kudai haki hiyo, swali la kwanza utakaloulizwa ni: Mlikubaliana nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba hauhitaji Kiingereza kigumu. Kurasa mbili zinatosha, mradi ziseme haya:

1. Majina kamili na namba za kitambulisho za pande zote mbili, na namba ya nyumba.
2. Kodi ni kiasi gani, inalipwa tarehe gani na kwa akaunti ipi.
3. Amana ni kiasi gani, itarudishwa siku ngapi baada ya kuhama, na ni vitu gani vinaweza kukatwa.
4. Nani anatengeneza nini: bomba likipasuka, kitasa kikiharibika, paa likivuja.
5. Kodi inaweza kuongezwa lini, na ilani itakuwa ya muda gani.
6. Ilani ya kuhama ni ya siku ngapi kwa kila upande.

Soma kila mstari kabla ya sahihi. Ukiambiwa "hiyo ni kawaida tu, weka sahihi", jibu kwa heshima kwamba unaomba dakika kumi. Ondoka na nakala yako.

Kosa la tano: Kutoandika hali ya nyumba siku ya kuingia

Amana nyingi hupotea siku ya kuhama, pale mwenye nyumba anaposema umevunja sinki ambalo ulilikuta limevunjika. Siku unayopokea ufunguo, zunguka na msimamizi wa nyumba, piga picha za kuta, madirisha, vitasa, sinki na choo, kisha mtumie picha hizo kwa simu siku hiyo hiyo. Zitabaki na tarehe. Andika pia usomaji wa mita ya maji na ya stima, usije ukalipa deni la aliyekutangulia.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Ukilipa kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea ni lile lililo kwenye mkataba kabla ya kukamilisha malipo. Ukilipa taslimu, usiondoke bila risiti yenye tarehe, mwezi unaolipiwa na sahihi.

Mambo yakiharibika

Ukigundua umetapeliwa, usione haya. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, andikisha taarifa na uchukue namba ya OB. Kama ulituma kwa M-Pesa, tuma ujumbe wa malipo hayo kwa 456 mara moja kuomba yazuiliwe. Kadiri unavyochelewa ndivyo pesa zinavyotolewa.

Mwenye nyumba akikataa kurudisha amana, mwandikie barua kwanza, ukitaja kiasi na tarehe, na ubaki na nakala. Asipojibu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Pale ndipo mkataba, risiti na picha zako zitakapozungumza.

Na wewe mpangaji pia una wajibu. Kodi ikikushinda, mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe, si baada ya kuzima simu. Anayedai kodi ana haki ya kulipwa. Hata hivyo, hawezi kujichukulia vitu vyako na kuviuza: kunadi mali kwa deni la kodi ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni.

Zoezi la nyumbani

Kabla kijana wenu hajapanda gari, kaeni pamoja jioni moja. Pigeni hesabu ya pesa zote za kuingia, si kodi peke yake. Mchague nani jijini ataitazama nyumba mara ya pili. Kisha mwandikieni kwenye simu maneno haya manne, ayasome akiwa mlangoni pa ploti na mtu akimharakisha:

Nimeona. Nimeuliza majirani. Nimesoma. Nimepewa risiti.

Moja likikosekana, pesa zibaki mfukoni. Nyumba Nairobi hazitaisha leo.