MADA YA 9: KUTATUA MATATIZO YA KAWAIDA KATIKA KOMPYUTA YA LINUX

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kutaja hatua za kutafuta chanzo cha tatizo;
(b) kusoma ujumbe wa kosa na kueleza maana yake;
(c) kutumia amri zinazofaa kutatua matatizo ya diski, ruhusa, mtandao na programu;
(d) kueleza kwa nini baadhi ya "dawa za haraka" huleta hasara.

9.1 Utangulizi

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leo yapo matoleo mengi ya mfumo huu. Linalojulikana sana katika maabara za shule ni Ubuntu, lililotoka mara ya kwanza mwaka 2004. Neno hilo limetoka katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika na ni ndugu wa neno letu "utu". Mifano ya mada hii inatumia Ubuntu.

Watahiniwa wengi wanakariri amri bila kujua zinatumika lini. Swali likibadilishwa kidogo, wanakwama. Kwa hiyo tuanze na utaratibu wa kufikiri, amri zitafuata.

9.2 Hatua sita za kutatua tatizo

1. Eleza dalili. "Kompyuta ni mbovu" si dalili. "Faili linagoma kuhifadhiwa" ni dalili.
2. Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho na uunakili kama ulivyo. Ujumbe huandikwa kwa Kiingereza, usibadilishe hata herufi moja.
3. Jiulize ni nini kilibadilika. Je, umeme ulikatika? Kuna programu mpya iliyowekwa?
4. Kisia chanzo kimoja, kisha tumia amri ya kuchunguza.
5. Fanya badiliko moja tu, halafu jaribu tena. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hutajua lipi limeponya.
6. Hakiki na uandike ulichofanya.

Zingatia: Zipo amri za kuchunguza, kama *ls*, *df*, *du*, *ip a* na *ps*, ambazo hazibadilishi kitu. Zipo amri za kubadilisha, kama *rm*, *chmod*, *chown* na *kill*. Chunguza kwanza, badilisha baadaye.

9.3 Tatizo la kwanza: Diski imejaa

*Dalili:* Faili halihifadhiki na ujumbe unasema No space left on device. Wakati mwingine unaandika nenosiri sahihi, skrini inameta, kisha unarudishwa palepale pa kuingilia. Wengi hudhani nenosiri limekosewa. Kumbe mfumo unashindwa kuandika mafaili madogo unayohitaji ili kufungua eneo lako la kazi.

*Kuchunguza:* Fungua terminali uandike *df -h*. Kama huwezi kuingia kabisa, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi, ingia kwa jina na nenosiri lako, kisha utoe amri hiyohiyo. Chukua mfano huu:

Filesystem   Size   Used   Avail   Use%   Mounted on
/dev/sda2    117G   111G   0       100%   /

Tazama hesabu vizuri. 117 kutoa 111 ni 6, lakini safu ya nafasi iliyobaki inasema 0. Je, GB 6 zimekwenda wapi? Mfumo wa mafaili wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi mkuu, yaani *root*. Asilimia 5 ya 117 ni 5.85, takriban 6. Akiba hiyo imewekwa ili diski ikijaa, msimamizi bado aweze kufanya kazi na kuiokoa kompyuta.

*Kutatua:* Tafuta kwanza kinachokula nafasi:

sudo du -sh /home/*

Amri hii inaonyesha ukubwa wa folda ya kila mtumiaji. Ukishajua, anza na vitu visivyo na hasara:

- Futa mafaili ya usakinishaji yaliyokwisha kutumika: *sudo apt clean*
- Ondoa vifurushi visivyohitajika tena: *sudo apt autoremove*
- Safisha pipa la taka. Faili ulilofuta kwa kipanya halijaondoka. Limehamia katika folda iliyofichwa, *.local/share/Trash*, na bado linachukua nafasi.

Ukitumia *sudo* utaulizwa nenosiri. Katika matoleo mengi hakuna nyota wala alama inayoonekana unapoandika. Kibodi haijafa. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Hapa nina jambo la kukusimulia. Wiki moja kabla ya mazoezi ya vitendo, kompyuta moja ya maabara niliyokuwa nafundishia ilijaa. Mwanafunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, aliona folda iliyoitwa "zamani" na kuifuta kwa *rm -r*. Ndani yake mlikuwa na kazi za mradi za wenzake wanne. Amri ya *rm* haipeleki faili katika pipa la taka. Hufuta moja kwa moja na kwa kawaida haiulizi. Hatukuwa na nakala popote, na wale wanne waliandika upya kazi ya muhula mzima kwa siku tano. Kosa lile lilikuwa langu zaidi kuliko lake, kwa sababu nilimfundisha *rm* kabla ya kumfundisha *du* na *ls*. Wewe usirudie kosa letu. Orodhesha kilichomo, uliza mwenyewe, weka nakala, ndipo ufute.

9.4 Tatizo la pili: Ruhusa

*Dalili:* Permission denied.

*Kuchunguza:* Toa amri *ls -l*. Utapata mstari kama huu:

-rw-r--r-- 1 root root 20480 May 12 10:15 ripoti.odt

Gawanya zile alama kumi za mwanzo hivi:

- Alama ya 1 ni aina: kistari ni faili, *d* ni folda.
- Alama ya 2 hadi 4 ni ruhusa za mmiliki.
- Alama ya 5 hadi 7 ni ruhusa za kikundi.
- Alama ya 8 hadi 10 ni ruhusa za watu wengine.

Herufi *r* ni kusoma (4), *w* ni kuandika (2), *x* ni kutekeleza (1). Jumlisha kila kundi: rw- ni 4+2 = 6, r-- ni 4, r-- ni 4. Jibu ni 644.

Swali la mfano. Mtumiaji anayeitwa *mwanafunzi* anafungua ripoti.odt hapo juu na kuisoma, lakini anashindwa kuhifadhi mabadiliko. (a) Eleza sababu. (alama 3) (b) Andika amri ya kurekebisha. (alama 2) (c) Kwa nini *chmod 777* si suluhisho zuri? (alama 2)

Jibu.
(a) Mmiliki wa faili ni *root* na kikundi chake pia ni *root*. *Mwanafunzi* si mmiliki wala hayumo katika kikundi hicho, hivyo anaangukia kundi la wengine. Kundi hilo lina r-- tu, yaani kusoma bila kuandika.
(b) sudo chown mwanafunzi:mwanafunzi ripoti.odt
(c) Inampa kila mtumiaji wa kompyuta uwezo wa kusoma, kubadilisha na kutekeleza faili. Usalama unapotea.

Hali hii hutokea zaidi pale mtu anaponakili au kuunda faili kwa *sudo* bila sababu. Faili linakuwa mali ya *root*, na kesho yake mwenyewe anazuiwa kuliandika. Tumia *sudo* pale tu kazi inapoihitaji.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili. Umeandika hati ya amri iitwayo hesabu.sh, unaiita kwa *./hesabu.sh*, nayo inajibu Permission denied. Faili ni lako, lakini halina *x*. Tibu kwa *chmod u+x hesabu.sh*.

9.5 Tatizo la tatu: Mtandao haupatikani

Usikimbilie kuzima na kuwasha kompyuta. Panda ngazi moja baada ya nyingine. Ngazi inayovunjika ndiyo inayokuonyesha chanzo.

Ngazi ya 0: Tazama kebo au alama ya Wi-Fi. Toa amri *ip a* uone kama kompyuta imepata anwani, katika mstari unaoanza na *inet*.

Ngazi ya 1: *ping -c 4 127.0.0.1*. Hii ni anwani ya kompyuta yenyewe. Ikishindwa, kasoro iko katika mipangilio ya mtandao ya mashine yako.

Ngazi ya 2: Pata anwani ya ruta kwa *ip route*. Katika mstari wa *default via*, anwani inayofuata ndiyo ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1. Ipigie *ping*. Ikishindwa, chunguza kebo, Wi-Fi au ruta.

Ngazi ya 3: *ping -c 4 8.8.8.8*. Hii ni seva iliyo nje, katika intaneti. Ruta ikijibu na hii isijibu, tatizo kwa kawaida liko kati ya ruta na mtoa huduma. Huenda kifurushi kimeisha.

Ngazi ya 4: *ping -c 4 example.com*. Namba ikijibu lakini jina likaleta Temporary failure in name resolution, intaneti ipo. Kinachokosekana ni huduma ya DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Rekebisha anwani ya DNS katika mipangilio ya mtandao.

Zingatia: Ukisahau *-c 4*, amri ya *ping* haitakoma yenyewe. Isimamishe kwa Ctrl+C. Fahamu pia kwamba baadhi ya mitandao huzuia *ping* kwa makusudi, hivyo hakiki na kivinjari kabla ya kutoa hukumu.

9.6 Tatizo la nne: Programu imeganda

Toa amri *top* uone programu inayotumia uwezo mwingi wa kompyuta, soma namba yake katika safu ya PID, kisha bonyeza *q* kutoka. Ikiwa namba ni 2315, andika *kill 2315*. Hili ni ombi la heshima: programu hupewa nafasi ya kufunga mafaili yake. Subiri kidogo. Ikikaidi, tumia *kill -9 2315*, ambayo haitoi nafasi hiyo. Kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea. Kwa hiyo *-9* ni hatua ya mwisho.

9.7 Tatizo la tano: Programu haisakinishwi

Jedwali fupi la kukumbuka:

| Ujumbe au hali | Maana | Suluhisho |
|---|---|---|
| Could not get lock | Usakinishaji mwingine unaendelea | Subiri umalizike. Usifute faili la kufuli |
| Umeme ulikatika katikati ya usakinishaji | Vifurushi havijakamilika | *sudo dpkg --configure -a* |
| Unable to locate package | Jina limekosewa au orodha ni ya zamani | Hakiki jina, kisha *sudo apt update* |
| command not found | Amri imekosewa au haijasakinishwa | Hakiki tahajia, kisha sakinisha |

Kumbuka Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. *Ls* si *ls*, na Ripoti.odt na ripoti.odt ni mafaili mawili tofauti.

9.8 Makosa ya watahiniwa

1. Kujibu "washa upya kompyuta" kwa kila swali. Bila kutaja chanzo, jibu hilo halionyeshi kuwa umeelewa.
2. Kusahau nafasi kati ya amri na kiambatisho. Andika *df -h*, si *df-h*.
3. Kuchanganya *chmod* na *chown*. Ya kwanza hubadilisha ruhusa, ya pili hubadilisha mmiliki.
4. Kutaja amri bila kueleza inaonyesha nini. Swali likisema "eleza", amri peke yake haitoshi.

9.9 Zoezi

1. Badilisha rwxr-x--- kuwa namba.
2. Kompyuta inapata majibu kutoka 8.8.8.8, lakini kivinjari hakifungui tovuti yoyote kwa jina. Taja chanzo kinachoelekea zaidi.
3. Diski ina ukubwa wa GB 200 na imetengewa asilimia 5 kwa ajili ya *root*. Mtumiaji wa kawaida ataambiwa nafasi imekwisha zikiwa zimetumika GB ngapi?
4. Mtumiaji anaandika nenosiri sahihi lakini anarudishwa kwenye skrini ya kuingilia. Taja hatua tatu za kuchunguza.
5. Tofautisha *kill* na *kill -9*.

Majibu

1. 7, 5, 0, yaani 750.
2. Huduma ya DNS haifanyi kazi au anwani yake imekosewa.
3. 200 × 5/100 = 10. Kisha 200 − 10 = GB 190.
4. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 na kuingia kwa maandishi, toa *df -h* kuona kama diski imejaa, halafu sudo du -sh /home/* kuona kinachochukua nafasi.
5. *kill* huiomba programu ijifunge yenyewe vizuri. *kill -9* huikatisha papo hapo, na kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Ukikosa maswali mawili au zaidi, rudia sehemu husika ukiwa mbele ya kompyuta, si kwa kusoma tu. Na kabla hujaanza mazoezi, nakili kazi zako katika flashi. Kila la heri.